Mkono Uliozoea Tofali

Mwanangu, kitu cha kunishangaza mimi hakipo tena. Nimeona tanuri la matofali elfu ishirini likibomoka upande mmoja moto ukiwa bado ndani. Nimeona lori langu mwenyewe, limejaa mahindi, likirudi kinyumenyume kwenye mteremko wa kushukia Kasanga, dereva ameruka na breki hazipo. Nimeona waliokuwa wakiziba pua nikipita na matope yangu wakija dukani kwangu kukopa mifuko ya saruji, tena wananiita bosi. Sikushtuka. Shule niliishia darasa la nne, lakini zunguka Katandala yote, uliza nyumba gani haina tofali langu. Utachoka kuzunguka.

Lakini Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi pembeni ya uwanja ule wa kikapu, nikawaona mnamzonga refa. Alikuwa amepuliza filimbi, akasema kijana wa jezi nyekundu ameubeba mpira. Basi mkamzunguka kama nyuki. Mmoja wenu, jina lake nalihifadhi, akapiga kelele: "Unatuonea! Kila siku unatuonea sisi!" Refa wa watu akatia filimbi mfukoni akaondoka, na mchezo ukafia hapo.

Neno hilo la kuonewa lilinirudisha mbali. Niliwahi kulisema mimi, kwa sauti kubwa kuliko yenu, nikiwa na miaka ishirini na moja, na lilinitoa kwenye kazi niliyoililia. Kaeni niwaeleze. Siku yenyewe naikumbuka mpaka upepo wake.

Wakati huo nilikuwa kibarua wa matofali kule bondeni, chini ya mji. Kazi yangu haikuwa kufyatua. Mimi nilikuwa juu ya lori, napokea. Wenzangu walikuwa chini wanarusha matofali matatu matatu yaliyobebana, nami nayadaka kwa viganja vilivyotazama juu, narudi nyuma hatua mbili tatu, napanga, nageuka, mengine tayari yako hewani. Sikuwa natazama. Naweza kuwa napiga stori na mtu wa upande wa pili, mikono inafanya kazi yake yenyewe. Walikuwa wananiita Mikono. Tangu lori la kwanza asubuhi mpaka la mwisho jioni sikuangusha tofali. Sijisifu, waulizeni wazee wa Katandala waliobaki.

Siku moja vijana wa timu ya kikapu ya mjini walikuwa wanapita bondeni kwenda kuoga. Mmoja wao, Didas, alisimama akanitazama nikipokea. Akasema, "Oya mshikaji, mikono hiyo unaipoteza kwenye udongo. Njoo uwanjani."

Nikaenda. Uwanja ulikuwa wa parokia, wa udongo na vijiwe, nguzo mbili za mti na mbao za kupigia mpira zilizochongwa na Mzee Kasiani. Huyu Mzee Kasiani alikuwa fundi seremala, ndiye pia aliyekuwa refa. Sheria za kikapu alizijua tangu ujana wake, na filimbi alikuwa anaivaa shingoni hata akiwa anapiga randa. Mtoto akipita dukani kwake na mpira ameukumbatia, utasikia filimbi inalia kutoka ndani.

Ndani ya miezi miwili nilikuwa nacheza na kikosi cha kwanza. Mpira ukirushwa, mimi nimeshaudaka. Ukigonga ubao ukarudi, uko mikononi mwangu. Nikavimba kichwa. Nikawa natangaza pale kijiweni kwamba mpira wa kikapu hauna jambo la kunishangaza, tofali ni zito zaidi. Kuhusu sheria za kudunda sikuuliza mtu. Niliona wenzangu wanadunda, na mimi nikadunda. Mazoezini Mzee Kasiani alikuwa ananiambia, "Kijana, mkono huo, mkono huo," nami naitikia "sawa mzee" bila kujua ana maana gani. Kumuuliza niliona aibu. Nilijiambia, hawa wamesoma, nikiuliza watajua mimi sijui.

Basi akaja mgeni kutoka Mbeya, mtu wa kampuni ya ujenzi wa barabara. Kampuni yao ilikuwa na timu, na siku zile kampuni ikikutaka kwa mpira inakupa na ajira. Alitafuta mchezaji mmoja tu. Atakayempenda anaondoka naye, anapewa kazi stoo, mshahara wa mwezi na chumba cha kulala. Ingechezwa mechi Jumamosi, sisi na vijana wa Matai, yeye atazame.

Mwanangu, nilivyoitaka kazi ile siwezi kukueleza. Kukaa ndani, chini ya bati, mtu anakuja na karatasi unampa misumari. Nilimwambia mama yangu kwamba nimeshachukuliwa. Si kwamba nitajaribu, hapana, nimeshachukuliwa. Mama naye, kwa furaha, akauza debe mbili za ulezi akanunua sanduku la bati, la rangi ya bluu, akaliweka karibu na mlango ili kila anayeingia aliulizie.

Siku ya mechi upepo ulikuwa ule wa Julai, unaopita koti mpaka mfupani. Watu walijaa. Mgeni wa Mbeya alikaa kwenye benchi na kidaftari mapajani. Filimbi ikalia, tukaanza.

Pasi ya kwanza kunifikia nilianza kudunda kwenda mbele, kwa mbwembwe, mpira unapanda mpaka kifuani naudaka kwa kiganja cha chini nauteremsha tena. Prii! Mzee Kasiani akazungusha mkono wake hewani. "Umebeba. Mpira wa Matai."

Nikacheka, nikadhani amekosea.

Pasi ya pili niliidaka vizuri kabisa, nikarudi nyuma hatua tatu kutafuta nafasi. Prii! "Umetembea. Mpira wa Matai."

Hapo mashabiki wa Matai wakaamka. Mmoja, mama mmoja mnene mwenye sauti, akapaza: "Huyo anapakia lori! Mwambieni lori limejaa!" Uwanja mzima ukacheka. Kila nikigusa mpira wanaimba, "Panga! Panga! Rudi nyuma, panga!" Hata watu wa kwetu walicheka. Didas akanisogelea akaniambia polepole, "Mshikaji, ukipata toa pasi tu." Mimi nikamjibu, "Nenda huko, mgeni ananitazama."

Zikabaki dakika nne, tuko sare. Nikapata mpira nikiwa peke yangu upande wa kulia. Nikadunda, nikadunda, nikafika karibu na kikapu, nikaushika kwa mikono miwili nitupe. Kijana mrefu wa Matai akaniruka mbele. Sikuweza kutupa. Nikaushusha, nikaudunda tena ili nimpite. Nikampita. Nikafunga! Mpira umeingia safi, hata pete haukugusa. Nikainua mikono juu, namtafuta mama yangu kwenye umati.

Prii! "Dabo. Ulishaushika ukadunda tena. Kikapu hakihesabiwi. Mpira wa Matai."

Damu ilinipanda. Niliuokota mpira, nikamfuata Mzee Kasiani, mtu wa rika la baba yangu, nikasimama karibu na uso wake nikamwambia mbele ya watu wote: "Unanionea! Unanionea kwa sababu mimi ni mtu wa matope! Wangekuwa hawa waliosoma usingepuliza!"

Alinyoosha mikono kuomba mpira.

"Unautaka?" nikasema. "Si umesema nabeba? Sasa tazama mtu anavyobeba."

Nikaubana mpira kwapani, nikakata uwanja, nikapita katikati ya watu, nikateremka nao nyumbani. Ulikuwa ndio mpira pekee. Matai walikuja bila mpira. Mechi ikavunjika, watu wamesimama kwenye baridi, mgeni wa Mbeya kalamu mkononi.

Mama alinikuta nimekaa kitandani.

"Huo mpira wa nani?"

"Wa parokia."

"Sasa umeniletea mimi niufanye nini? Niupike?"

Akalitazama sanduku lake pale mlangoni, akalifunika na kitenge, akaenda kuwasha moto. Hakuniambia neno lingine mpaka Jumatatu. Heri angenitukana.

Jumatatu asubuhi tuko bondeni, lori limeshafika, nami niko juu napokea, namwona Mzee Kasiani anateremka njiani na kofia yake ya sufi. Nikasema leo ni ngumi au ni polisi. Vibarua wote wakaacha kurusha.

"Hamjambo vijana."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kujifunza kazi. Mikono, shuka hapo juu, nipishe nipokee mimi."

Tukatazamana. Jamaa mmoja akasema, "Mzee, haya si mbao, yatakuumiza." Akasema, "Rusheni tu." Akapanda lorini kwa shida, tunamsukuma matakoni, akasimama. Akatanua vidole, viganja vinatazama chini, kama mtu anayetaka kudunda mpira. Wakamrushia tofali moja, kwa huruma, taratibu kabisa. Likateleza kwenye vidole. Wakarusha la pili. Hilo lilimbana kidole cha kati kwenye bodi ya lori, na damu nikaiona mimi mwenyewe. Vibarua wakaangua kicheko, si unajua vijana. "Mzee geuza mkono! Pokea kwa chini!"

Akashuka, anakipuliza kidole, na yeye anacheka. Akatuuliza, "Hapa nani amekosea, mimi au tofali?"

"Wewe mzee!"

"Mmeniambia nimekosea mara ngapi?"

"Mara mbili!"

"Mmesikia nikisema mnanionea?"

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyenitazama, lakini nilijisikia kama wote wananitazama. Yeye akanigeukia, akaniambia bila ukali, "Kijana wangu, mkono wako hauna kosa. Umefundishwa kazi nyingine, ukaijua vizuri. Wangu ndio leo umekuwa mjinga. Kauchukue ule mpira, njoo huku."

Mahali pa kuanikia matofali palikuwa peupe, kwa sababu yaliyokauka tulishayapakia. Pale chini tulikuwa tunanyunyiza mchanga laini kidogo juu ya ardhi ngumu na kuusawazisha ili tofali bichi lisigande. Mchanga ule ukikanyagwa na njiwa unaona vidole vyake. Niliporudi na mpira, Mzee Kasiani akachora duara akasema hicho ndicho kikapu. Akaniambia nirudie mchezo wa Jumamosi, ule wa mwisho, kama nilivyoufanya, nisijifanye mwema.

Nikadunda, nikashika, nikadunda tena, nikafika kwenye duara.

"Haya, rudi nyuma. Soma."

"Mzee, mimi kusoma si mtu wake. Niliishia darasa la nne."

"Nimekwambia usome ardhi. Kitabu nimekitaja?"

Nikainama. Mwanangu, kila kitu kilikuwa pale. Mdundo wa mpira umeacha alama ya mviringo, na miguu yangu imeacha yake, kubwa kama za tembo.

"Kati ya mdundo huu na huu miguu yako imekanyaga mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi, na si kosa. Mpira ukiwa unadunda kwa mkono mmoja, kimbia mpaka Laela ukitaka. Sasa hapa alama za mpira zimekatika. Ulifanya nini?"

"Niliushika."

"Kwa mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi kudunda kwako kulikufa hapo. Ukishaushika, toa pasi au tupa kikapuni. Mbona huku mbele alama za mpira zinaanza upya?"

Nilizitazama zile alama. Mstari wa kwanza, kisha nyayo tupu, kisha mstari wa pili. Hapakuwa na msomi aliyeziweka. Ni zangu mimi. Nikasema, "Ni dabo, mzee." Mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo nikijua maana yake.

Akanirushia mpira nimesimama. Nikaudaka nikarudi nyuma. Hakupuliza, alionyesha chini tu: kushoto, kulia, kushoto, kulia. "Unapeleka tofali nyuma ya lori," akasema. "Ukipokea umesimama, mguu mmoja uwe kigingi. Ule mwingine uzungushe utakavyo. Kigingi kisinyanyuke mpaka mpira umeshatoka mkononi kwenda chini. Na ukiwa unakimbia ukauokota, una hatua mbili tu, uwe umeshautoa."

Lililobaki lilikuwa lile la kubeba, na hilo ardhi haikuweza kulionyesha. Akaniambia nidunde. Nikiwa katikati akapaza sauti, "Simama hivyohivyo!" Nikaganda kama picha. "Tazama mkono." Kiganja changu kilikuwa kimelala chini ya mpira, kinatazama mbinguni. "Huo mkono unaomba sadaka," akasema, na vibarua wakacheka, na mimi safari hii nikacheka nao. "Mkono wa kudunda unakaa juu ya mpira, kama mfuniko juu ya chungu. Ukipita chini ukawa bakuli, mpira umelala. Ukilala, kudunda kumekwisha. Na sikia, hakuna aliyekuita mwizi. Kosa la kubeba si rafu. Sikukuandika, sikukutoa nje. Nilisema wenzako wa Matai wapewe mpira, waurushe kutoka pembeni, mchezo uendelee. Ungerudi nyuma kukaba, ungeupata tena baada ya nusu dakika."

Nusu dakika, mwanangu. Mimi nilikuwa nimekaa nao siku mbili chini ya kitanda.

Mgeni wa Mbeya alikuwa na kazi Matai wiki nzima. Alisema tangu azaliwe hajaona mechi iliyovunjika kwa mpira kupelekwa nyumbani, na lazima aone mwisho wake, kwa hiyo Jumamosi akawarudisha vijana wa Matai ndani ya gari lake. Mechi ikachezwa upya. Kwanza nilisimama mbele ya watu nikamwomba Mzee Kasiani radhi. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kitambaa.

Nilicheza taratibu kama mtu anayetembea juu ya mayai. Kila mdundo najiambia mfuniko, mfuniko. Yule mama wa Matai aliimba mpaka akachoka, kwa sababu hapakuwa na cha kuimbia. Nilifunga kikapu kimoja tu, lakini sikilizeni vizuri: tangu mwanzo mpaka mwisho filimbi haikulia kwa ajili yangu hata mara moja. Hata mara moja! Tukashinda. Mpaka leo, katika yote niliyoyafanya, na nimefanya mengi, mechi ile naiweka juu.

Mgeni alimchukua Didas.

Nilimfuata, nikamuuliza. Alikuwa mtu mkweli, akanifungulia kidaftari. "Mikono unayo," akasema. "Jumamosi ile niliandika jina lako mwanzoni mwanzoni kabisa, hili hapa. Ulipoondoka na mpira nikalipiga mstari. Na mimi stoo yangu siwezi kumpa mtu ambaye akiambiwa amekosea anaondoka na mali." Akanipa mkono, akapanda gari.

Didas hakuwa na sanduku. Mama yangu alilitoa lile la bluu akampa. Akaniambia, "Mpelekee mwenzako stendi." Nikalibeba kichwani kutoka Katandala mpaka stendi, alfajiri, Didas anatembea pembeni yangu. Nikalipandisha juu ya basi mwenyewe. Kulipokea kwa chini, kulisukuma juu. Kazi hiyo niliiweza.

Nilikwenda kwa Mzee Kasiani nikamuuliza namdai nini, yaani yeye ananidai nini, kwa kile kidole, maana hakikunyooka tena na seremala bila kidole unajua. Akaweka randa chini. "Unajua kwa nini vijana wengi hapa wanabeba mpira? Uwanja una mawe. Mpira ukigonga jiwe unakwenda pembeni, kwa hiyo mtu anaushikilia kwa chini usimkimbie. Siku utakayoweza, watafutie sakafu." Nikamwambia nitaweza. Akasema, "Najua," akaendelea na randa yake.

Nilichukua miaka karibu thelathini, lakini nimeweza. Na siri ya mimi kuweza ni ile asubuhi ya mchangani. Tangu siku ile nikawa muulizaji. Nilimuuliza mchomaji kwa nini tanuri linabomoka, nilimuuliza dereva namna ya kusikiliza breki, nilimuuliza binti wa darasa la sita anisomee karatasi ya halmashauri kabla sijaweka dole gumba. Walionicheka walicheka. Leo wengine wao nawalipa mimi mshahara kila mwisho wa mwezi.

Uwanja ule mnaouchezea ni wangu, nimewajengea. Saruji yake ni ya dukani kwangu, kokoto zimekuja na lori langu. Pembeni mtaona nimeacha kipande cha ardhi, nimemwaga mchanga laini. Mafundi walisema, "Bosi, hapa umesahau kumalizia." Sikusahau. Hapo ni pa kusomea. Mtu akibisha kwamba hakutembea, mpelekeni pale arudie, kisha mwambieni asome.

Siku ya kuufungua nilimtuma bodaboda akamlete Mzee Kasiani. Ni mzee sana sasa, anashikwa mkono, lakini filimbi ilikuwa shingoni. Watu walijaa, diwani yupo, wake wa majirani wote wamekuja. Wakanipa mpira niudunde wa kwanza, mwenye mali. Nikaingia kati na suti yangu na viatu vya kung'aa, nikaudunda mara moja, mara mbili, nikaona watu wanapiga picha kwa simu, nikaongeza mbwembwe kidogo.

Prii!

Mzee Kasiani amesimama na fimbo, anazungusha kile kidole chake kilichopinda. "Umebeba," akasema.

Diwani alitazama chini. Mke wangu alifunika mdomo. Na mimi, mwenye uwanja, mwenye saruji, mwenye lori, niliinua mkono juu ili kila mtu aone kwamba nimekubali, nikauweka mpira mikononi mwa kijana wa upande wa pili, nikarudi nyuma kukaba. Watu walipiga makofi kuliko ambavyo wangepiga kama ningefunga. Nilitembea nimenyoosha kifua kama sijawahi.

Kwa hiyo nawaambia hivi, wewe wa jezi nyekundu kwanza. Mkono wako una mazoea uliyoyatoa kwenye kazi nyingine, nyumbani, shambani, huko ulikokulia, na huyaoni mpaka mtu wa nje akupulizie. Akikupulizia, usimtafutie sababu kwenye kabila lake wala kwenye kipato cha baba yako. Toa mpira, kisha baada ya mchezo mfuate muulize, "Mzee, mkono wangu ulikuwaje?" Dunda kwa mkono mmoja, juu ya mpira. Ukishika, umeshika, usidunde tena. Kigingi kikae chini. Na usiondoke na kitu cha watu kwa hasira, maana njia ya kukirudisha ni ndefu. Refa wenu nimeshamwomba radhi kwa niaba yenu, Jumamosi atarudi. Mkampokee nyinyi wenyewe pale barabarani.

Mungu awape viganja vyepesi na masikio yasiyoziba. Awape wazee wa kuwapulizia mapema, kabla basi la Mbeya halijaondoka, na mama zenu wasifunike masanduku yao. Mkue mpaka mje kuvivalia suti viwanja vyenu wenyewe.

Na kwa wale wanaonong'ona kijiweni kwamba sijui nimetumia ngapi, mimi sina cha kuficha. Dabo yangu ya Jumamosi ile ya ujana imenigharimu, mpaka mstari wa mwisho kupakwa rangi, shilingi milioni kumi na nne, laki mbili, themanini na sita elfu na mia tano, ikiwemo elfu mbili ya bodaboda iliyomleta Mzee Kasiani kuja kunipulizia filimbi.